Fangasi ya Pua: Mgonjwa wa Nyangwe Alipie Kipimo Gani?

Kwa fangasi iliyopenya mashimo ya uso, fundi wa maabara kubwa atakusifia kipimo kipya. Mkulima wa Nyangwe, kando ya mto Lualaba nchini Kongo, atauliza kwanza pikipiki ya kumfikisha hospitali kuu ya Kasongo ni franka ngapi. Mimi niko upande wa mkulima.

Cha bei ndogo ni hiki: daktari akate kipande cha nyama puani, kitiwe tone la haidroksidi ya potasiamu, kitazamwe kwa hadubini. Hadubini ya malaria na kifua kikuu inatosha, na jibu hutoka siku hiyohiyo. Fangasi ikionekana, tiba ianze. Isipoonekana, shaka ibaki palepale.

Pesa inayofuata iende kwa patolojia. Kipande kinatumbukizwa katika fomalini ya asilimia 10, na chupa ndiyo inayosafiri hadi Kinshasa au Lubumbashi. Chupa haili wala hailipi chumba cha kulala wageni. Kipande kingine kiwekwe kwenye maji safi ya chumvi kwa ajili ya kuoteshwa, maana fomalini huua fangasi na hapo hakuna kitakachoota.

Je, vipimo vya protini ndani ya nyama? Maabara hutumia kingamwili zinazonasa protini za fangasi ili kutenganisha fangasi mbili, aspajilasi na mukori. Ni ghali, ila faida yake ni ya kweli: vorikonazoli hutibu aspajilasi, lakini mukori haiguswi nayo, inataka amfoterisini B. Hata hivyo mtaalamu mzoefu mara nyingi huzitofautisha kwa jicho: nyuzi nyembamba zenye vikuta ni aspajilasi, pana zisizo na vikuta vingi ni mukori. Alipie kingamwili akikwama tu. Nyama iliyogandishwa katika nta hudumu miaka, kwa hiyo kipimo hicho chaweza kuagizwa baadaye bila kumkata mgonjwa tena.

Vipimo vya damu vya galaktomanani na beta-D-glukani ningeviacha: vyote viwili havioni mukori. Skana humwonyesha mpasuaji mfupa ulioliwa, lakini haitaji jina la fangasi.

Mpango huu wote unavunjika kwa mwenye kisukari ambaye uso umekufa ganzi, jicho linafifia au kaakaa limekuwa jeusi. India mwaka 2021, wakati wa Covid-19, ilihesabu wagonjwa wa mukori zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa na sukari. Huyo hangoji jibu la chupa; amfoterisini na upasuaji vianze mara moja, figo na potasiamu vikifuatiliwa.

Mkulima mwenye afya ambaye pua na mdomo wa juu vimevimba polepole kwa miezi ni habari nyingine. Huenda ni Conidiobolus coronatus, fangasi ya udongo na majani yaozayo katika nchi za mvua. Huyo anao muda wa kungoja barua ya Kinshasa, na akiba yake aitunzie itrakonazoli, kwa sababu ataimeza kwa miezi mingi.