Tasbihi, Rozari na Sala Zetu

 

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, yaani uzi uliotungwa shanga za kusalia. Waislamu hukiita tasbihi, Wakatoliki hukiita rozari, na wafuasi wa dini ya Kihindu hukiita mala. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ya mama mmoja wa kanisa letu hapa kisiwani Mombasa.

Mama huyu alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu, akabatizwa alipokuwa mtu mzima. Baba yake alipofariki, ndugu zake waligawana vitu vya marehemu, naye akapewa tasbihi ya mzee. Aliiweka sandukuni, imefungwa katika leso. Siku moja mwenzake wa kanisani aliiona, akashtuka, akamwambia kwamba kitu hicho kina pepo, na kwamba akitaka baraka nyumbani mwake lazima akaitupe baharini. Basi akatujia na ile leso mkononi. Akasema, "Mchungaji, nikiitupa, kaka zangu watasema nimemtupa baba. Nisipoitupa, wenzangu watasema sijaokoka. Nifanyeje?"

Ndugu msikilizaji, wewe ungemjibu nini? Kabla ya kujibu, yafaa tujue vitu hivi ni nini hasa, maana wengi wetu twavihukumu bila kuvijua.

Ukipita Mji wa Kale wakati wa alasiri, kutoka Ngome ya Yesu ukishika njia ya Ndia Kuu, au ukiingia vichochoro vya Kibokoni, utawaona wazee wa kanzu na kofia wameketi barazani. Mmoja ana kikombe cha kahawa, mwingine anavuta tasbihi yake, midomo ikitikisika bila sauti. Anachofanya ni kuvuta uradi. Neno tasbihi latoka katika Kiarabu, na maana yake ni kumtukuza Mungu. Baada ya sala, Mwislamu hufundishwa kusema mara 33 kwamba Mungu ametakasika, mara 33 kwamba sifa ni zake, na mara 33 kwamba Mungu ni mkuu. Jumla yake ni 99. Ndiyo maana tasbihi nyingi huwa na shanga 99, na zile fupi huwa na 33. Ndugu wa Kishia husema neno la ukuu wa Mungu mara 34, hata hesabu ikatimia 100. Tena tusidhani kwamba Waislamu wote wana maoni mamoja. Wako masheikh wasemao kwamba ni bora kuhesabu kwa vidole tu.

Sasa tutoke Mji wa Kale, twende barabara ya Nkrumah. Hapo kuna kanisa letu kuu la Kianglikana la Ukumbusho, lililowekwa wakfu mwaka 1905, na katika barabara hiyo hiyo liko kanisa kuu la Wakatoliki la Roho Mtakatifu. Humo, hasa mwezi wa Oktoba, utawakuta waumini na rozari mikononi. Rozari ina mafungu matano, na kila fungu lina shanga kumi. Mwanzoni mwa fungu husemwa sala ya Baba Yetu, kisha Salamu Maria mara kumi, huku moyo ukifikiri juu ya tendo moja katika maisha ya Bwana Yesu, kama vile kuzaliwa kwake, mateso yake au kufufuka kwake. Zamani watawa wa Ulaya walisali Zaburi zote 150. Watu wasiojua kusoma hawakuweza kufanya hivyo, wakasema sala fupi 150 badala yake, wakizihesabu kwa shanga. Kwa hiyo rozari ilikuwa kitabu cha mtu asiyejua kusoma.

Na katika mahekalu ya Wahindi hapa kisiwani utaikuta mala. Ina shanga 108, na moja kubwa zaidi inayofunga duara. Mwenye kusali hutaja jina la mungu wake au maneno matakatifu kwa kila ushanga. Akiufikia ule mkubwa hauvuki, bali hugeuza uzi na kurudi alikotoka. Wengine huzichonga shanga hizo katika mti wa tulsi, ambao ni jamii ya mrehani. Wajaini na Wabuddha nao hutumia hesabu hiyo hiyo ya 108.

Je, Wakristo wa kale walifanyaje? Katika jangwa la Misri, katika karne ya nne, aliishi mtawa mmoja aitwaye Paulo, ambaye alisali sala 300 kila siku. Alipakata kokoto 300, na kila alipomaliza sala moja alitupa kokoto moja. Ndugu zetu wa Kanisa la Kiorthodoksi, ambalo liko hapa Kenya pia, hutumia uzi wenye mafundo, wakimwomba Bwana Yesu awarehemu kwa kila fundo. Hata Waanglikana wamo. Katika miaka ya 1980, huko Texas nchini Marekani, Waanglikana walitunga uzi wao wa shanga 33, kwa kukumbuka miaka ambayo yahesabiwa kuwa Bwana wetu aliishi duniani. Sisi wa Mombasa tuliletewa Injili na wamisionari wa CMS, tangu Krapf alipofika mwaka 1844, nao hawakutufundisha shanga. Walitufundisha Biblia na Kitabu cha Sala.

Sasa tulijie Neno la Mungu. Wengi wetu hukimbilia Mathayo sura ya 6, ambapo Bwana Yesu anatuonya tusipayuke-payuke katika kusali, kama watu wadhaniao kwamba watasikiwa kwa wingi wa maneno yao. Onyo hilo ni la kweli, wala hatuwezi kulipunguza. Mungu hatuhesabii sala kama mwenye duka ahesabuvyo shilingi. Twasikiwa kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyekufa na kufufuka kwa ajili yetu. Hatusikiwi kwa sababu tumefika 33, wala 99, wala 150. Hapo sisi na jirani zetu twatofautiana, na si vema kuwadanganya watu kwamba dini zote zasema jambo moja.

Lakini tusome na mahali pengine. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya yamalizika kwa maneno yale yale juu ya fadhili za Mungu. Katika Gethsemane, Bwana wetu mwenyewe alisali mara tatu kwa maneno yale yale. Katika Hesabu sura ya 15, Mungu aliwaagiza Waisraeli watie vishada katika ncha za nguo zao, ili wakivitazama wayakumbuke maagizo yake. Basi kurudia maneno si dhambi, wala kitu cha kumkumbusha mtu si dhambi. Dhambi ni kuyasema maneno huku moyo haupo, au kukitegemea kitu badala ya kumtegemea Mungu.

Na hapo ndugu zangu wa makanisa ya Kiprotestanti tusijifiche. Ingia katika tuktuk au matatu hapa mjini, utaona tasbihi au rozari inaning'inia karibu na kioo cha dereva. Pengine huyo dereva ni mtu wa sala. Pengine ameifanya hirizi ya kumkinga na ajali. Twamcheka. Lakini je, sisi hatuna Biblia iliyowekwa chini ya mto wa kitanda, haifunguliwi, eti ifukuze ndoto mbaya? Hatusemi Sala ya Bwana kila Jumapili tukiwa tumekwisha kufika Marikiti kwa mawazo, twanunua samaki?

Mnamkumbuka Hana, mama yake Samweli. Alisali hekaluni huko Shilo, midomo yake ikitikisika na sauti haikusikiwa. Kuhani Eli akamtazama mdomoni, akadhani amelewa. Kuhani alikosea. Aliiona midomo, hakuuona moyo. Sisi wachungaji twaisoma habari hiyo kwa hofu, maana Eli alikuwa mtu wa kazi yetu.

Tena mji huu wajua madhara ya watu wa dini kudharauliana. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mapadre wao wakaja na misalaba na sala zao. Mwaka 1614 Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf walimlea Goa, wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo. Mwaka 1631 aliiteka ngome, akaurudia Uislamu, na Wakristo wengi wakauawa. Pande zote mbili walikuwa watu wa kusali. Sala zao hazikuzuia damu, kwa sababu hakuna aliyemhesabu mwenzake kuwa mtu.

Basi turudi kwa mama yetu na leso yake. Tulimwuliza, "Mama, mzee alikuwa akiifanyia nini?" Akajibu, "Kila alfajiri aliketi mlangoni akavuta uradi. Akimaliza alituombea watoto wake wote kwa majina. Nilipobatizwa alikasirika sana, lakini katika kuomba hakuniruka."

Tulinyamaza kidogo. Kisha tulimwambia hivi. Usiitupe. Shanga ni shanga, hazina pepo, nawe una Kristo, uogope nini? Wala usiivae wala usiiweke mlangoni kama kinga, maana kinga yako ni Bwana. Iweke kama ukumbusho wa baba aliyekuombea. Na kila uionapo, waombee kaka zako kwa majina, mmoja mmoja, katika jina la Yesu, wala usimruke hata mmoja.

Yule mwenzake hakuridhika na jibu letu, na mpaka leo twazungumza naye kwa upole. Mama anaendelea kuomba. Kaka zake hawajawa Wakristo, lakini siku ya Idi walimwita, wakala pamoja, jambo ambalo halikuwapo tangu abatizwe.

Ndugu msikilizaji, twakuachia swali moja. Yule mzee wa barazani ana hesabu ya kila siku kwa Mungu wake. Wewe uliyeambiwa na mtume Paulo kuomba bila kukoma, una saa gani ya kuomba, na majina ya nani? Huna haja ya kununua shanga. Una vidole kumi. Kesho asubuhi, kabla ya kushika kazi, taja jina moja kwa kila kidole: mume au mke, mtoto, jirani, mgonjwa, na hata yule mliyegombana. Kumi wakiisha, umekwisha kuanza.

Natuombe.

Ee Mungu Baba yetu, utusamehe tulipomhukumu mtu kwa midomo yake bila kuujua moyo wake. Utufundishe kusali kwa kweli, na kuwapenda jirani zetu wa mji huu wasioamini kama sisi. Twaomba kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.