Saa 72 hazisubiri nesi amalize kukuhoji

Leo tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakijua nusu nusu: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na kwa nini vijana wengi hawazipati hata kama zipo.

Kwanza tofauti, maana watu wanachanganya sana.

PEP ni ya dharura. Kondomu imepasuka, mtu kabakwa, nesi kajichoma sindano yenye damu. Unatakiwa uanze vidonge ndani ya saa 72, na ukiwahi zaidi ndo vizuri. Unameza siku 28 bila kuruka. Unapimwa kwanza, maana kama tayari una virusi unahitaji matibabu yenyewe, sio PEP.

PrEP unaitumia kabla, ukiwa huna virusi ila unajua uko kwenye hatari. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza 2015, Kenya wakaanza kuitoa nchi nzima 2017. Julai 2025 shirika hilo likapendekeza na sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka.

Sasa piga hesabu. Kondomu imepasuka Ijumaa saa nne usiku. Jumamosi unaogopa. Jumapili unajipa moyo. Jumatatu asubuhi unafika zahanati, na nesi anakuuliza mbele ya foleni nzima, "We mtoto, umeanza lini hayo mambo?" Kwenye benchi yupo jirani yenu. Unasema umekuja na kichwa, unapewa panadol, unarudi home. Jumatatu saa nne usiku muda umekwisha. Dawa ilikuwepo, kilichokosekana ni faragha.

Na ubaguzi huu hauwagusi vijana tu. Msichana ambaye hajaolewa akiomba kondomu anaonekana malaya. Mama mwenye pete ndo haulizwi kabisa, kisa ameolewa, wakati kirusi hakiangalii cheti cha ndoa. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikadiria Tanzania inapata maambukizi mapya kama 60,000 kwa mwaka kwa watu wazima. Hao wote sio "wahuni".

Sheria inasemaje? Sheria ya ukimwi ya 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri. Mwaka 2019 ikarekebishwa, umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15. Kwa hiyo dogo wa form three mwenye 15 akija kupima mwenyewe, hafanyiwi hisani. Ni haki yake.

Tusiwaonee manesi pia. Mmoja anapima presha, anachanja watoto, anaandika madaftari, na chumba kina pazia badala ya mlango. Lakini kuna mambo yasiyohitaji bajeti. Maswali ya siri yaulizwe ndani. Kila mtu aulizwe maswali yale yale, mwenye pete na asiye nayo. Boksi la kondomu liwekwe mahali mtu anajichukulia bila kuomba. Na mtu asiitwe kwa sauti "wewe wa CTC, njoo huku".

Wewe mdau ufanye nini? Usisubiri Jumatatu, nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huo huo. Omba kuongea pembeni, kisha sema kwa kifupi: "Nahitaji PEP, tukio lilikuwa jana saa nne usiku." Ukiulizwa lini na ilikuwaje, jibu, yanamsaidia dokta. Mahubiri yakianza, rudia ombi lako kwa heshima. Wakikwambia hawana, waulize papo hapo ni hospitali gani wanayo, halafu ondoka uende.

Manesi mnaopita hapa, na nyie semeni. Pale zahanati ya mtaani kwenu hali ikoje? Dondosheni maoni, majina sio lazima.