Posho, Maziwa na Wana wa Shaba: Siasa ya Uzazi katika Kongo ya Wabelgiji

Mwaka 1919 Tume ya Kudumu ya Kuwalinda Wenyeji, iliyoundwa na serikali ya kikoloni, ilitamka kwamba yamkini watu wa Kongo wamepungua kwa nusu tangu Wazungu waanze kuikalia nchi. Hakuna aliyekuwa amewahesabu hapo awali, na wanahistoria wangali wanabishana juu ya kiasi hicho. Hata hivyo, kwamba watu walipungua, wengi wao wanakubali: shuruti ya mpira, njaa, ndui, malale, na hatimaye homa kuu ya 1918 vilifuatana bila kuwapa watu nafasi ya kupumua.

Wasiwasi wa watawala haukutokana na huruma peke yake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ililazimika kutafuta wafanyakazi hata Rhodesia ya Kaskazini na, tangu 1925, Ruanda-Urundi. Vijana waliletwa kwa mikataba mifupi; wengi walifia kambini, wengine wakatoroka. Kuelekea 1928 kampuni ikageuza siasa yake: mkataba ukawa wa miaka mitatu, mfanyakazi akatakiwa aje na mkewe, nao wazae papo hapo kambini. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mtetezi mkubwa wa mpango huo. Posho iligawiwa kwa kuhesabu mke na watoto. Mtoto naye akatazamwa kama mfanyakazi wa kesho, asiye na haja ya kutafutwa mbali.

Jambo lililowakera sana madaktari ni desturi ya kupisha uzazi. Katika makabila mengi mama alinyonyesha miaka miwili au mitatu, na muda huo wote hakulala na mumewe. Desturi hiyo ilikuwa na hekima yake, kwani mtoto aliyeachishwa ziwa mapema bila chakula cha kufaa hupatwa na utapiamlo. Wabelgiji waliiona kuwa kikwazo. Wakafungua vituo vya kupima watoto uzito, wakagawa maziwa ya ng'ombe, wakawahimiza mama waachishe mapema ili mimba nyingine ipatikane. Aidha, baba mwenye mke mmoja na watoto wanne alisamehewa kodi, ilhali mwenye wake wengi alitozwa zaidi. Mwaka 1933 dekrata ikapiga marufuku kutangaza njia za kuzuia mimba. Ni ajabu kwamba, katika siasa yote hiyo, mama mwenyewe hakuulizwa neno.

Lawama hiyo juu ya desturi ilikosea shabaha, walau kaskazini mwa nchi. Uchunguzi wa 1955-1957, uliofafanuliwa baadaye na Anatole Romaniuk, ulionyesha kwamba katika sehemu za Équateur na Uele wanawake wengi hawakupata mtoto hata mmoja. Ugumba huo ulihusishwa hasa na magonjwa ya zinaa, kisonono kikiwa mbele. Dawa za vijiua vijasumu, si maziwa ya kopo, ndizo zilizoleta nafuu.

Kwa msomi wa Kiswahili, kambi hizo zina jambo jingine la kuzingatiwa. Baba walitoka Lomami, Kasai, Rwanda na kwingineko; lugha ya kazini ilikuwa Kiswahili. Watoto waliozaliwa humo walikifanya lugha yao ya kwanza, wakakipa sura yake ya Lubumbashi. Ndiyo maana watu husema «Bana Shaba», wala si «Wana wa Shaba».

Baada ya uhuru upepo uligeuka. Mwaka 1972 Mobutu alitangaza siasa ya kuzaa watoto wanaotakiwa, na mwaka uliofuata baraza likaundwa kuisimamia. Dekrata ya 1933, hata hivyo, haikufutwa, hivyo serikali ilihimiza jambo ambalo sheria yake yenyewe ilikataza kulitangaza. Uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta wastani wa watoto 6.6 kwa kila mwanamke.

Kampuni nayo, iliyotaifishwa 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, iliendelea kugawa posho kwa kuhesabu vichwa hadi uchimbaji ulipoporomoka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshawaita, katika kitabu chake cha 2001, wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Familia zilizozoea kupewa unga zaidi kwa kila mtoto aliyezaliwa zilibaki na watoto hao, bila unga.