Kifaru Ubavuni mwa Lori: Upatanisho wa Maana katika Alama za Magari ya Kijeshi

Magari ya jeshi la Uingereza yaliyotumika katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia (1939–1945) yalichorwa alama nyingi: picha za wanyama, miraba ya rangi, duara za manjano, nyota nyeupe. Asiyezijua aliweza kuzidhani mapambo. Kumbe zilikuwa mfumo wenye kanuni zake na, kama ilivyo katika lugha, maana haikukaa ndani ya alama moja peke yake. Ilitokana na uhusiano wake na zile zilizoizunguka.

Ya kwanza ni alama ya divisheni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na ambamo walikuwamo askari wengi wa Keya, ilichukua kichwa cha kifaru. Divisheni ya 81 ya Afrika Magharibi ilichukua buibui, kwa kumbukumbu ya Ananse, mjanja wa ngano za Waakan. Picha ilifaa kuliko namba kwa sababu ya usiri: rafiki aliyefundishwa aliitambua mara moja, ilhali adui aliyeiona kwa mara ya kwanza hakuweza kujua kwayo kuwa hiyo ni divisheni ya ngapi.

Katika Kiswahili, neno kifaru ni jina la mnyama, na pia la gari la vita la minyororo. Upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenga maana hizo: kifaru amejeruhiwa ni mnyama, kifaru kimeteketea ni gari. Kifaru aliyechorwa ubavuni mwa lori hakulifanya lori hilo kuwa kifaru. Hakutaja gari bali wenye gari.

Kazi inayofanywa na kiambishi katika sentensi ilifanywa na rangi katika mraba wa kikosi, ambao ndani yake iliandikwa namba. Mraba wenye nyekundu juu na buluu chini ulikuwa wa vikosi vya mizinga. Wa buluu mtupu ulikuwa wa wahandisi. Uliogawanywa kwa mshazari kati ya nyekundu na kijani ulikuwa wa uchukuzi na ugavi. Namba ile ile ikihamishwa kutoka rangi moja hadi nyingine ilitaja kikosi kingine kabisa.

Namba nyeusi katika duara la manjano, mbele ya gari, haikuhusu kikosi hata kidogo. Ilikuwa kiwango cha mzigo. Madaraja nayo yalitiwa namba zake, na dereva alitakiwa kuzilinganisha mbili hizo kabla ya kuvuka. Mahali kama Kalewa nchini Burma, ambako Desemba 1944 mto Chindwin ulijengewa daraja refu la chuma katika eneo la mapigano ya Divisheni ya 11, kuisoma vibaya namba hiyo kungeweza kuua.

Nyota nyeupe ya ncha tano, iliyoenea katika magari ya Mataifa ya Muungano yaliyotua Normandy Juni 1944, ilikusudiwa kumzuia rubani rafiki asiwashambulie wenzake. Lakini kilichoonekana na rafiki kilionekana pia na mpiga mzinga wa adui, na baadhi ya askari wa vifaru waliifunika kwa rangi au matope wakihofia kuwa shabaha. Hapo ndipo alama hizi zinapoachana na mazungumzo ya kawaida: msemaji hutaka aeleweke, ilhali aliyezichora alitaka aeleweke na upande mmoja tu.

Anayezifasiri leo hukabiliwa na tatizo jingine. Picha nyingi za vita hivyo ni za nyeusi na nyeupe: namba zimebaki, rangi zimetoweka. Msomaji wake yuko mbele ya sentensi iliyoondolewa viambishi. Huliona neno kifaru wazi kabisa, wala hajui kama ni huyu au ni hiki.