Daftari la Mpiga Tarumbeta

Jirani yetu mmoja hapa Kansanga, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya polisi hadi alipostaafu, alipofariki dunia aliacha daftari la shule lililojaa herufi: d, m, s, l, pamoja na vistari na nukta katikati yake. Mjane wake alituletea daftari hilo baada ya matanga. Alisema kwamba mzee alikuwa akitunga wimbo kwa muda mrefu, akatuomba tumwimbie walau mara moja ausikie. Sisi tulioimba katika kwaya kwa miaka zaidi ya ishirini tulilazimika kumjibu kwamba hatujui kuusoma. Siku zote tulikuwa tukiimba kwa kusikia tu, kama kasuku.

Aibu ile ndiyo iliyotuingiza darasani, na mwalimu wa darasa hilo tulikuwa sisi wenyewe, katika chumba kimoja kando ya Barabara ya Ggaba, usiku, makelele ya pikipiki yalipopungua. Twawaandikia habari hii ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu moja. Tumegundua kwamba askari aliyepita mafunzo amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya elimu ya muziki, ila hajaambiwa.

Miguu yajua kuhesabu

Na tufikiri juu ya kwata. Kikosi kiendapo mwendo wa haraka, askari hupiga hatua karibu 120 kwa dakika, na mguu wa kushoto huangukia pigo zito la ngoma. Kushoto, kulia; zito, jepesi. Wanamuziki huyatenga mapigo hayo mafungu mafungu kwa mistari ya wima, na katika nyimbo nyingi za gwaride kila fungu lina mapigo mawili. Hapo nota iitwayo robo huchukua hatua moja. Nusu huchukua hatua mbili. Nota nzima, hatua nne. Na nota ya nane huigawa hatua moja sehemu mbili.

Tulipoyasoma mambo hayo kitabuni tukiwa tumeketi, hayakutuingia. Tulipoinuka tukatembea chumbani huku tukipiga makofi, somo lililotushinda kwa majuma matatu lilieleweka kwa jioni moja, ingawa majirani walidhani tumepatwa na wazimu.

Sauti tano za kambini

Tarumbeta la kambini lisilo na vitufe ni bomba tupu. Mpigaji hawezi kulirefusha wala kulifupisha. Hubadilisha tu mkazo wa midomo na nguvu ya pumzi. Kwa hiyo hutoa sauti chache ambazo maumbile yamezipanga, na miito ya kambini hutungwa kwa tano kati yake: do, so, do ya juu, kisha mi na so zilizo juu zaidi. Mwito wa kuamka na mwito wa kulala hutofautiana kwa mpango na mwendo tu. Sauti ni zile zile.

Basi, askari akumbukaye miito hiyo anazo sikioni do, mi na so, ambazo ndizo nguzo za nyumba nzima. Zilizobaki, yaani re, fa, la na ti, hupangwa katikati ya nguzo hizo. Jambo moja tu lataka uangalifu: vidato vya ngazi hiyo havilingani. Kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni nusu ya kidato.

Herufi za daftari la mzee zilikuwa za mtindo wa solfa, uliobuniwa na Sarah Glover wa Uingereza na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19. Wamisionari waliuleta Afrika, na ulienea upesi kwa kuwa hauhitaji mistari mitano wala kinanda. Penseli na daftari vyatosha. Nukta mbili hutenga pigo na pigo, na kistari huonyesha kwamba sauti iliyotangulia yaendelea. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alizoea kuziandika nyimbo zake kwa solfa. Wimbo alioutunga mwaka 1897 ndio uliotoa sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania.

Elimu ya nyumbani

Wala tusidhani kwamba kanuni za muziki ni mali ya Wazungu. Amadinda ya Buganda ina mbao 12, na ngazi yake ni ya sauti tano. Wapigaji wawili huketi wakielekeana, na mapigo ya mmoja huanguka katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu hushughulikia mbao mbili za mwisho. Gerhard Kubik wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuja Kampala akiwa mtu mzima akajifunza kwa Evaristo Muyinda. Ili aelewe, aliziandika sauti hizo kwa tarakimu, 1 hadi 5. Naye alianza na moja.

Kosa letu kubwa lilikuwa kukariri majina ya alama kwa miezi minne bila kuimba. Twawashauri ndugu zetu wasilifanye. Nusu saa kila siku, hata baada ya lindo, ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwezi. Kila alama na itamkwe kwa sauti. Kisha mtu achukue wimbo anaoujua barabara, kwa mfano wimbo wetu wa taifa alioutunga George William Kakoma, ambao ni mfupi, ajaribu kuuandika kwa sikio lake, halafu aulinganishe na maandishi yaliyochapishwa. Atakapokuta makosa yake mwenyewe, hapo ndipo amepata mwalimu.

Wimbo wa mzee

Mwezi wa nane tulikwenda kwa mjane tukamwimbia. Alisikiliza ameinamisha kichwa hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini tumekatisha. Tukamwonyesha ukurasa: mzee aliishia kwenye ti, na sauti hiyo haitulii mpaka ifike do. Hakuwahi kuimaliza. Zamani tungedhani kwamba wimbo ndio ulivyo.

Akatuambia, "Basi iandikeni hiyo iliyobaki."

Tuliiandika kwa penseli, ili ajaye baadaye ajue kwamba do ile si ya mzee.