Taa zinazojua kwamba mtu anapita

Nani kati yetu hajakaa mlangoni usiku akingoja binti arudi kutoka masomo ya jioni? Giza la njiani linatutia woga. Lakini taa ikiwaka usiku kucha mahali pasipo mtu, inakula umeme bure.

Huko Marekani, mwaka 2012, Chuo Kikuu cha California mjini Davis kiliweka taa zaidi ya 1,000 za namna mpya. Zina kifaa kinachotambua mwendo. Pasipo mtu, mwanga unapungua, lakini hauzimiki. Mtu akikaribia, kwa miguu au kwa kinga, unaongezeka mbele yake. Akiisha kupita, unashuka tena. Umeme uliotumika ulipungua zaidi ya nusu, kwa kuwa balbu zenyewe pia ni za LED.

Kwetu, taa za jua zinaweza kufanya vilevile: mwanga ukishushwa saa za kimya, betri inafika asubuhi.

Basi wakubwa wa chuo wakileta mpango wa taa, tuwaulize: mwanga utapungua bila kuzimika kabisa? Zikiharibika, nani atazitengeneza? Tuzungumze juu ya hayo katika mkutano wetu ujao.