Vidonge vitatu kwa siku moja: jinsi dawa ya malale ilivyojaribiwa kwetu Congo



Kuna ugonjwa unaoingia nyumbani kama tabia mbaya. Mama anasinzia mchana akiwa jikoni, na usiku hapati usingizi. Anakuwa na hasira, anasema ovyo, anaacha shamba na watoto. Jamaa wanasema ni wazimu, wengine wanasema amerogwa. Miezi inapita katika maombi na kwa waganga. Kumbe ni malale.

Ugonjwa huu unaletwa na kijidudu kinachoingizwa mwilini na mbung'o, yule nzi tunayemwita tsetse. Nzi huyo anapenda kando ya mito na misitu, pale pale tunapochota maji, kufua na kulowesha mihogo. Mwanzoni kijidudu kinakaa kwenye damu, na mgonjwa anasikia homa na maumivu ya kichwa kama mwenye malaria. Baadaye kinaingia ubongoni. Asiyepata dawa, karibu kila mara anakufa.

Zamani dawa nayo ilitisha. Melasoproli ilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Ilichoma kwenye mishipa, na karibu mgonjwa 1 kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Tangu 2009 ilikuja tiba bora zaidi, lakini ilitaka serumu kwa siku 7 hospitalini, pamoja na vidonge vya siku 10. Halafu mwaka 2018 ilikubaliwa feksinidazoli, vidonge peke yake, kila siku kwa siku 10, pamoja na chakula. Kwa mama anayeishi mbali na hospitali, siku 10 bado ni nyingi. Nani atalisha watoto?

Ndiyo sababu akoziboroli imeleta matumaini: vidonge vitatu vinavyomezwa mara moja tu. Molekuli zake ni ndogo, zinatoka tumboni, zinaingia kwenye damu na kufika hadi ubongoni.

Lakini wengi wetu tukisikia neno "majaribio" tunaogopa. Tunauliza: je, wanatufanya panya? Swali hilo ni la haki. Tuone basi mambo yalivyokwenda.

Hatua ya kwanza haikufanyika kwetu. Watu wazima wenye afya walimeza dawa nchini Ufaransa, ili kuona kama mwili unaivumilia. Kisha hatua ya pili na ya tatu ziliunganishwa, kwa sababu wagonjwa wa malale wamebaki wachache. Kazi hiyo ilifanyika hapa Congo na Guinea, kuanzia 2016 hadi 2019, ikisimamiwa na shirika la DNDi. Daktari Victor Kande, Mkongomani mwenzetu, alikuwa kati ya walioiongoza.

Wagonjwa 208 walimeza vidonge hivyo, kisha wakafuatiliwa kwa miezi 18. Kati ya wale 167 ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kusonga mbele, tiba ilifaulu kwa 159. Wagonjwa 29 kati ya wote walipata madhara yaliyotokana na dawa, hasa homa na uchovu, na hayakuwa makali. Wagonjwa wanne walikufa katika muda huo, lakini waganga waliona kwamba dawa siyo iliyowaua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Tuangalie pia nani hakuwemo. Wenye mimba, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15 hawakupewa dawa hiyo katika jaribio lile. Walikingwa, na hiyo ni vizuri. Lakini maana yake ni kwamba matokeo yale hayawezi kutuambia lolote juu ya mimba zetu na watoto wetu wadogo. Watoto walihitaji utafiti wao peke yao. Basi mama asigawe dawa ya mkubwa kwa mtoto kwa kuwa tu imemponya baba.

Na siku wakija kutuomba tuingie katika jaribio lolote, tusikimbie, na tusitie sahihi kwa haraka. Tuulize:

– Dawa hii imekwisha kupewa watu wangapi, na iliwafanya nini?
– Kama nina mimba, au nikipata mimba katikati, itakuwaje?
– Nitarudi hospitalini mara ngapi, na nitachomwa sindano ya mgongo mara ngapi?
– Nikiumwa, nani atanitunza, na kwa pesa ya nani?
– Nikitaka kuacha, nitaendelea kupata tiba ya kawaida?

Karatasi isomwe kwa lugha tunayoisikia. Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini. Kukataa si kosa, na hakumnyimi mtu haki ya kutibiwa.

Tena, wamama, jirani akianza kusinzia mchana na kubadilika tabia, tusimcheke wala kumwita mchawi. Tumpeleke kituo cha afya, apimwe damu. Dawa nzuri namna gani haimponyi mtu aliyefichwa nyumbani.